Ukikohoa mkojo unatoka? Tiba zipo, na zina mpangilio wake

Dada zangu na mama zangu, leo naongea na yule ambae akipiga chafya lazima abane mapaja, akicheka na wenzie saluni anasikia kimetoka, akinyanyua ndoo ya maji kanga imelowa, akienda harusini anachagua gauni la rangi nzito na kiti cha karibu na choo. Najua mko wengi sana kwasababu mi ni mkunga na kliniki ya mama na mtoto haipiti wiki bila mtu kuniuliza, na wanauliza wakiwa wameshashika kitasa wanaondoka, sauti iko chini, eti "nesi, na hii ya mkojo je?" Kinachoniuma ni kwamba wengi wao wameshaambiwa na mama mkwe, na mashoga, wengine mpaka na wahudumu wenzangu, kwamba ndo uzazi huo, vumilia. Hapana jamani. Kuwa wengi wanayo haimaanishi mtu aishi nayo miaka 20. Hili tatizo linatibika, na tiba zake zina mpangilio, unaanza na zile ambazo hazitaki hela wala kisu, zikigoma ndo unapanda hatua nyingine. Ni ndefu ila naomba usome yote, hasa kama umeshaanza kufikiria opresheni au umeshauziwa dawa za kuingiza ukeni.

Kwanza ujue unavuja kwa namna gani

Mkojo unaotoka bila hiari uko wa aina kadhaa na kila aina ina tiba yake, ukikosea hapa utatibiwa mwaka mzima bila nafuu.

Hii yetu ya leo ni ile mkojo unatoka pale tu tumbo linapopata shinikizo, yani kukohoa, chafya, kucheka, kuruka, kunyanyua mzigo, kuinuka kwenye kiti, kuinama kupiga deki, hata kwenda rukuu. Unatoka kidogo halafu unakata, na hukuwa umebanwa kabla. Chini ya nyonga kuna misuli imetandaa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kwenye kifandugu nyuma, ndo inabeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa, na ndo inasaidia kuubana mrija wa mkojo. Misuli hiyo ikilegea au ikichanika, mrija unakosa pa kuegemea, tumbo likisukuma basi mkojo unapita.

Vinavyoilegeza ni mimba yenyewe, kuzaa kwa njia ya kawaida hasa mtoto akiwa mkubwa au umesukuma muda mrefu au mtoto amevutwa kwa vifaa, uzito mkubwa, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kukamua kila siku, mizigo mizito ya kila siku, na kukoma hedhi kwasababu homoni ya estrojeni inashuka. Waliozaa kwa opresheni nao wanavuja, japo wachache zaidi, maana kubeba mimba miezi tisa nako kunaichosha ile misuli. Na kuna mabinti hawajawahi kuzaa, wanacheza netiboli au wanakimbia, nao wanavuja, kwahiyo binti yako wa sekondari akikwambia usianze kumuuliza maswali ya kumtuhumu.

Aina ya pili ni ile unabanwa ghafla, unakimbia, funguo iko mlangoni mkojo umeshatoka. Hapo ni kibofu kinajikamua chenyewe kabla ya wakati. Wengine wanazo zote mbili kwa pamoja.

Halafu kuna hii, naomba nisikilizwe vizuri. Kama unalowa mchana na usiku mfululizo, hata ukiwa umelala huna unachofanya, na ilianza baada ya uchungu wa muda mrefu au baada ya opresheni ya uzazi au ya kutolewa kizazi, hiyo inaweza kuwa fistula, yani kuna tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu. Wahi hospitali kubwa. Kwa Dar es Salaam CCBRT pale Msasani wanatibu fistula bila malipo, na ndugu zetu wa upande wa Kivu wana hospitali ya Panzi pale Bukavu. Usijifungie ndani kwa aibu mwanangu, watu wametengenezwa na wamerudi kwenye maisha yao.

Ukitaka kujua wewe ni yupi, chukua daftari siku 3 tu, andika umekunywa nini na saa ngapi, umeenda kukojoa saa ngapi, umevuja saa ngapi na ulikuwa unafanya nini. Hilo daftari nenda nalo kwa daktari, litamwambia mengi kuliko maelezo ya dakika tano ukiwa umeona haya.

Hospitali wakupime nini

Hapa kwetu mtu akitaja tu mkojo anaandikiwa dawa za UTI, wiki ijayo tena UTI, mwezi ujao sindano za UTI. Kupima mkojo ni sahihi kabisa na lazima ufanyike kwasababu maambukizi yanaweza kuleta au kuzidisha kuvuja, ila kama kipimo hakina kitu na wewe unavuja ukikohoa tu, dozi ya nne ya antibayotiki haitakusaidia, zaidi itawazoesha bakteria hizo dawa. Omba upimwe sukari pia, maana sukari ikipanda mkojo unakuwa mwingi. Daktari akukague ukeni aone kama kizazi au kibofu kimeshuka, akuombe ukohoe kibofu kikiwa na mkojo aone mwenyewe unavyotoka, na kama ana wasiwasi apime kwa ultrasaundi mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Vipimo vikubwa vya kuingiza mipira ya kupima presha ya kibofu hauvihitaji kwa ajili ya kuanza mazoezi, vinakuja kama kuna utata au mnaelekea kwenye opresheni.

Ukiona damu kwenye mkojo, mkojo umegoma kutoka kabisa, au sehemu za siri na mapaja kwa ndani yamekufa ganzi na miguu haina nguvu, hiyo usisubiri kesho.

Mazoezi ya kubana, hapa ndo penye kazi

Daktari mmoja wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu haya mazoezi mwaka 1948 na mpaka leo ndo tiba ya kwanza kila mahali. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kutolewa 2018 zilionyesha kwamba kwa wanawake wa aina hii yetu, waliofanya mazoezi 56 kati ya 100 walisema wamepona, na wale ambao hawakufanya ni 6 tu kati ya 100. Sasa niambie dawa gani ya duka inakupa hivyo. Shida ni kwamba wengi wanaambiwa kwa mdomo tu "uwe unabana bana" halafu basi, wanafanya wiki mbili, vibaya, wanaacha, wanasema hayafanyi kazi.

Tuanze na kuupata msuli wenyewe. Lala chali, magoti yakunjwe, miguu imeachana kidogo, pumua kawaida. Sasa fanya kama unazuia ushuzi usitoke mbele za watu, hapo hapo ongeza kama unakata mkojo, halafu vyote hivyo uvivute kwa ndani na kwa juu kuelekea kitovuni. Hiyo kuvuta kwenda juu ndo zoezi lenyewe. Waliopita kwa kungwi wakafundishwa kubana wana pa kuanzia, ila hapa tunatafuta nguvu na uwezo wa kushikilia muda mrefu, kwahiyo hata wewe uliyefundwa usiruke hii sehemu.

Utajuaje umepatia? Nawa mikono vizuri, kata kucha, ingiza kidole kimoja ukeni halafu bana, usikie kidole kinabanwa na kama kinavutwa ndani. Au chukua kioo ujitazame, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa inatakiwa iingie ndani na ipande. Kama inatuna kuja nje, hapo unasukuma, unafanya kinyume kabisa na unaweza kujizidishia tatizo, acha kwanza utafute mtu wa kukuelekeza. Makalio yasikaze, mapaja yasibane, tumbo lisiingie kwa nguvu. Na pumzi isizuiliwe, mi huwa nawaambia mama zangu wahesabu kwa sauti, mtu anaehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi.

Ukishaupata msuli, bana na ushikilie sekunde 3, achia kabisa sekunde 3 nyingine, na kuachia nako ni sehemu ya zoezi, msuli usiopumzika unachoka na unauma. Rudia mara 8 hivi. Wiki zinavyoenda ongeza, sekunde 4, 5, mpaka ufike 10. Ukimaliza hizo za kushikilia malizia na za haraka haraka, bana achia bana achia mara 10, hizi ndo zitakuokoa kwenye chafya maana chafya haikupi taarifa. Seti kama hiyo asubuhi, mchana na usiku. Miongozo ya Uingereza inasema angalau kubana mara 8 kila kipindi, vipindi 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3, na ikiwezekana chini ya usimamizi wa mtaalamu. Wiki za kwanza ufanye umelala, halafu umekaa, halafu umesimama, kwasababu mkojo hauvuji ukiwa umelala, unavuja umesimama na ndoo mkononi, kwahiyo msuli uzoee huko huko.

Kusahau ndo adui mkubwa. Yafunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, mwenye swala akimaliza kusali kabla hajakunja mswala, anaenyonyesha kila akimweka mtoto titini, wa daladala akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Hakuna atakaeona.

Msiyafanye wakati mnakojoa. Najua kuna ushauri unazunguka wa kukata mkojo katikati, kufanya mara moja kwa ajili ya kuujua msuli sio mbaya, ila ukiifanya ndo mazoezi yako mkojo unabaki kibofuni, na mkojo unaobaki ndo nyumba ya UTI.

Na kuna mbinu moja inasaidia mapema kuliko mazoezi yenyewe. Ukisikia kikohozi kinakuja, bana KWANZA, shikilia, kohoa, ndo uachie. Ukitaka kunyanyua mtoto au ndoo, bana kwanza ndo unyanyue huku unatoa pumzi. Ukiizoea hii mpaka ije yenyewe utashangaa.

Tegemea kuanza kuona tofauti wiki ya 6 mpaka ya 8, na usihukumu kabla ya miezi 3 kamili. Ukiona haisogei, au kila ukibana unapata maumivu ya nyonga, au hausikii chochote kinajibana, tafuta mfiziotherapia. Hospitali za rufaa nyingi zina idara ya fiziotherapia, ila sio kila mfiziotherapia amezoea nyonga za wanawake, wengi ni wa migongo na viharusi, kwahiyo uliza wazi kabisa bila haya, "kuna anaetibu kuvuja mkojo?" Atakukagua kwa kidole, atakwambia una nguvu kiasi gani, na pengine ana mashine ya kukuonyesha kwenye skrini unavyobana au ya kuusisimua msuli kwa umeme mdogo kwa wale ambao hawawezi kabisa kubana wenyewe. Sio lazima iwe mashine, kinacholeta matokeo ni kurudi kwake kila baada ya muda akakukagua.

Kwa waliojifungua juzi, unaweza kuanza kubana taratibu ndani ya arobaini hiyo hiyo ukishasikia uko sawa na mpira wa mkojo umeshatolewa, hata kama umeshonwa, kubana kwa upole hakufumui nyuzi. Mkaja au kanga ya tumbo ukitaka kufunga kwa ajili ya mgongo na kujisikia vizuri funga, ila usikazwe mpaka unakosa pumzi, maana tumbo likibanwa sana shinikizo linakimbilia chini kwenye ile ile misuli iliyochoka, na ujue mkaja hautafanya kazi ya mazoezi. Na kama una mimba sasa hivi na mkojo bado uko sawa, anza leo leo, tafiti zinaonyesha kuanza mapema kwenye ujauzito kunapunguza uwezekano wa kuvuja baadae.

Vitu vya pembeni ambavyo vinaharibu mazoezi yote

Uzito. Najua hatupendi kuambiwa, ila kilo za tumboni zinakaa juu ya kibofu masaa yote. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2009, wanawake wanene waliopunguza kama asilimia 8 ya uzito wao vipindi vya kuvuja vilipungua kwa asilimia 47. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 7 tu, sio lazima urudi ulivyokuwa kabla ya ndoa.

Kikohozi. Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili kapime TB, kama ni pumu itibiwe vizuri, kama ni moshi wa kuni na mkaa jitahidi jiko litoke nje au kwenye hewa. Na hii wengi hawajui kabisa, dawa za presha zile ambazo jina linaishia na pril, yani captopril, enalapril, lisinopril, kuna watu zinawaletea kikohozi kikavu kisichoisha, mtu anakohoa miezi, anavuja miezi, anatibiwa mafua. Prazosin na doxazosin zenyewe zinalegeza mrija wa mkojo moja kwa moja. Na zile za kukojoza kama Lasix zinajaza kibofu haraka. Sasa NISIELEWEKE VIBAYA, usiache dawa ya presha hata siku moja kwa kusoma hapa, presha inaua. Beba vidonge vyako vyote nenda kwa daktari mwambie navuja mkojo, je kuna ya kubadilisha? Mara nyingi ipo.

Choo kigumu. Kukamua kila asubuhi ni kama kuzaa kidogo kidogo kila siku. Mchicha, matembele, maharage, papai, dona badala ya sembe nyeupe, na maji. Choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu magoti yapande, choo cha kuchuchumaa tayari kiko vizuri.

Maji. Wengi mnaacha kunywa maji ili msivuje, mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, choo nacho kinakuwa kigumu. Kunywa lita 1 na nusu mpaka 2 kwa siku, ukiwa kwenye joto kali au kazi ya jua ongeza. Kahawa, chai ya rangi nzito, soda na enaji ndo upunguze. Na ile ya kukojoa "kwa akiba" kila ukipita karibu na choo ipunguze, kibofu kinazoea kubeba kidogo.

Sasa kuhusu vya kuingiza ukeni. Shabu, ugoro, majani ya kusaga, vidonge vya "kubana uke" vinavyouzwa kwenye simu kwa jina la kurudisha ubikira na kukata mkojo. Naomba kwa moyo wangu wote, acheni. Shabu inakausha na kuunguza ngozi ya uke, ndo maana unahisi pamebana, lakini msuli unaoshika mkojo uko ndani zaidi, haujaguswa. Unabaki na vidonda, na vidonda ni njia rahisi ya kupata maambukizi ikiwemo VVU.

Vya kukusitiri wakati unasubiri

Pedi za mkojo ni bora kuliko pedi za hedhi kwasababu zinafyonza haraka na hazibaki na harufu, ila bei yake sio ya kila mtu, vitambaa safi vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani vinafaa. Badilisha kila pakilowa, osha kwa maji, kausha, paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato ngozi isichubuke.

Kuna kifaa kinaitwa pesari, pete laini ya silikoni inaingizwa ukeni inanyanyua na kukandamiza kidogo mrija wa mkojo. Nzuri sana kwa mtu ambae hataki opresheni, au bado anataka kuzaa, au anavuja akifanya mazoezi tu. Lazima upimwe saizi na ufundishwe kuitoa na kuisafisha, na hapo kliniki ndogo nyingi hazinazo, uliza hospitali za rufaa na za kanda. Tamponi, yani kile kipamba cha hedhi cha kuingiza ukeni, nayo kuna wanaoiweka saa ya kukimbia tu inawasaidia, isikae zaidi ya masaa 8.

Kwa wenzangu Waislamu, najua udhu unaopotea kila ukiinama unaumiza roho kuliko hata nguo kulowa. Wenye udhuru wa kutokwa mfululizo wana hukumu yao kwenye sheria, muulize ustadhi wako au mwanamke mwenye elimu hali yako inaangukia wapi, usiache kusali kimya kimya. Na kwenye ndoa, kuna wanaovuja wakati wa tendo wakaanza kumkwepa mume bila kumwambia kwanini, yeye anawaza mengine kabisa. Mwambie. Kojoa kabla, weka taulo, na uendelee na matibabu.

Vidonge

Hapa nitapita haraka kwasababu vidonge kwa aina hii ya kuvuja vina nafasi ndogo. Zile dawa za kutuliza kibofu, oxybutynin na ndugu zake, ni za wale wa kubanwa ghafla, wewe wa kukohoa hazikuhusu, utapata mdomo mkavu na choo kigumu bure. Aliyekoma hedhi akiwa na ukavu na kuwashwa ukeni, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inaweza kumsaidia, kwa cheti cha daktari. Kuna duloxetine, ambayo asili yake ni dawa ya msongo wa mawazo, Ulaya imeruhusiwa kwa tatizo hili, Marekani haikuidhinishwa, inapunguza kuvuja kwa baadhi ya watu ila wengi wanashindwa kuimeza kwa kichefuchefu, na huwezi kuikata ghafla. Isiwe chaguo lako la kwanza.

Opresheni

Umefanya mazoezi vizuri miezi 3 au zaidi, umekaguliwa, umeshughulikia kikohozi na uzito, bado unalowa na maisha hayaendi. Hapo opresheni ni haki yako na inasaidia wengi sana, ila uingie ukiwa unajua unachagua nini, maana sio moja.

Ya kwanza ni utepe. Ni kamba pana ya plastiki laini yenye upana kama wa sentimita moja, inapitishwa chini ya mrija wa mkojo kupitia vijitundu vidogo, inakuwa ndo egemeo jipya. Aliyeileta ni Ulf Ulmsten wa Sweden pamoja na mwenzake Peter Petros wa Australia, miaka ya 1990, ikasambaa dunia nzima kwasababu inafanyika haraka, unaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na walio wengi wanapata nafuu kubwa. Lakini kuna wanawake ambao ule utepe ulikuja kutokeza ukeni au kuingia kwenye mrija, wengine wakabaki na maumivu makali ya nyonga na ya tendo, na ubaya wake ni kwamba nyama inaota ndani ya utepe, kuutoa wote ni kazi ngumu na wakati mwingine haiwezekani. Wanawake wa Uingereza walipiga kelele miaka na miaka wakiambiwa ni mawazo yao tu, mpaka Julai 2018 serikali ikasimamisha matumizi yake, na ripoti ya 2020 ya uchunguzi huru ulioongozwa na Baroness Cumberlege ikasema wazi kwamba hawakusikilizwa. Sisemi hivi ili ukatae, nchi nyingi bado unatumika na wengi wanaishi nao vizuri. Nasema ili usiwekewe bila kuambiwa.

Ya pili ni egemeo la nyama yako mwenyewe. Daktari anakata kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, anakipitisha chini ya mrija kama ule utepe. Hakuna kitu cha plastiki, ila mkato ni kama wa opresheni ya uzazi, kupona kunachukua muda, na baada yake kuna wanaopata shida ya kukojoa kwa siku au wiki kadhaa mpaka wafundishwe kujiwekea mpira wa mkojo.

Ya tatu inaitwa Burch, kwa jina la daktari John Burch aliyeieleza 1961. Wanashona pembeni mwa uke, karibu na shingo ya kibofu, wanapanyanyua kuegemea kwenye mfupa wa kinena, kwa kupasua tumbo au kwa matundu madogo ya kamera. Nayo inadumu miaka mingi kwa wengi, japo baadhi wanakuja kushuka ukuta wa nyuma wa uke baadae.

Ya nne sio opresheni sana, ni sindano ya kitu kama jeli kwenye ukuta wa mrija ili upate unene ujifunge. Ni nyepesi, inafaa kwa mtu mwenye magonjwa mengine, ila nguvu yake ni ndogo kuliko hizo tatu na mara nyingi inarudiwa.

Kama bado unataka watoto, walio wengi watakushauri umalize kwanza, mimba na uzazi vinaweza kurudisha tatizo. Na kabla hujasaini fomu, kaa na daktari umuulize moja moja, unaweka plastiki au nyama yangu? Umeshafanya ngapi na huwa unawafuatilia wagonjwa wako? Nikishindwa kukojoa baada ya opresheni tutafanyaje, nani ataniona? Naweza kuanza kubanwa ghafla, kitu ambacho sikuwa nacho? Ikishindikana, hatua inayofuata ni ipi? Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa hivyo, akikasirika tafuta mwingine, hii sio jipu la kupasuliwa leo leo, una muda. Hospitali zenye mabingwa wa mambo haya ni zile kubwa, Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, kwa Kenya Kenyatta na Moi pale Eldoret, na uliza kabisa kama bima yako inagusa.

Ukishafanyiwa, wiki 6 hakuna ndoo, hakuna gunia, hakuna kubeba mtoto mkubwa mgongoni, na tendo la ndoa mpaka daktari aseme. Hili liongeeni nyumbani kabla ya tarehe ya opresheni, nani atachota maji, nani atafua, kwasababu wanaorudi na nyuzi zimefumuka wengi sio uzembe wao, walirudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyepanga. Homa, usaha, damu nyingi, au mkojo umegoma kutoka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na ile miadi ya kuangaliwa usiiruke hata kama umekauka kabisa na unajisikia vizuri, huko ndo wanapima kama kibofu kinaisha mkojo wote na kama utepe au nyuzi zimekaa mahali pake.